Jinsi ya kumuuguza mgonjwa aliye mwishoni mwa maisha, asiye na mtu wodini: mwongozo kamili kwa watu wa Mbeya, Iringa na Njombe

Ukiingia wodini saa ya kuona wagonjwa wala huhitaji kuonyeshwa. Kitanda hiki kina shangazi wawili, hotpoti tatu na chupa ya chai, kile cha pembeni mtu kageukia ukutani, chini ya kitanda hamna hata ndoo. Huyo ndio ninayemzungumzia hapa, na hasa yule ambae daktari ameshasema dawa za kuponya zimefika mwisho.

Elewa kwanza hili maana watu wengi wanakuja na moyo mzuri halafu wanakwama siku ya pili. Kwenye hospitali zetu ndugu ndio nusu ya huduma. Ndugu anafua shuka, anapeleka sampuli maabara, anakimbia duka la nje kutafuta dawa iliyokosekana dirishani, analisha, anageuza, anasafisha, anamwita nesi dripu ikikauka. Nesi mmoja usiku ana wodi nzima. Kwahiyo asiye na ndugu hakosi stori tu, anakosa mikono. Marekani kuna mpango unaitwa No One Dies Alone, ulianza 2001 hospitali ya Sacred Heart pale Eugene, Oregon. Aliyeuanzisha ni nesi, Sandra Clarke, mwaka 1986 mzee mmoja alimuomba akae nae, yeye akasema ngoja nimalize wagonjwa wengine, aliporudi kakuta mzee keshafariki. Kule mtu wa kujitolea anakuja kukaa kwenye kiti tu kwasababu kuosha na kulisha kuna watu wanalipwa kufanya hivo. Wazo lao zuri sana ila ukilileta Mbeya kama lilivyo, ukaja na Biblia na sauti ya upole wakati mgonjwa kalowa tangu alfajiri, utakuwa umemuongezea kero. Anza na mikono, kukaa kutakuja kwenyewe.

1. Pita mlango wa mbele

Usijipenyeze getini ukamwambia mlinzi "naenda kumuona mjomba". Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Afisa ustawi ndio mwenye kujua nani hana mtu, ndio anaeshughulikia msamaha wa malipo, ndio anaetafuta ndugu, na akishakujua utapewa ruhusa ya kukaa hata nje ya saa za kuona wagonjwa. Baada ya hapo jitambulishe kwa inchaji wa wodi, na kila ukiingia msalimie nesi wa zamu kabla ya kwenda kitandani, hata kama jana mlikuwa mnacheka wote. Zamu zinabadilika, nesi wa leo hakujui.

Muulize inchaji maswali haya na usione aibu: huyu anaruhusiwa kula kwa mdomo? Ana kifua kikuu au ugonjwa mwingine wa kuambukiza? Nikimgeuza kuna sehemu nisiguse? Ugonjwa wenyewe hutaambiwa na wala usiudai, ni siri yake. Wewe unahitaji kujua tu ujikinge vipi. Kama ni kifua kikuu utavaa barakoa ile nzito inayobana, sio ile ya kitambaa, na dirisha libaki wazi hata kama ni Julai na Mbeya inauma. Glovu vaa kwenye kinyesi, damu, kidonda, matapishi. Kumshika mkono tu huhitaji glovu, na yeye ataona tofauti.

2. Tafuta wenzio, usiwe shujaa

Mtu mmoja hawezi. Nimeona watu wamejitoa wiki nzima peke yao halafu wakatoweka kabisa, mgonjwa akawa ameachwa mara ya pili. Wanne mnatosha kwa kuanzia, watano vizuri zaidi. Jumuiya, kikundi cha kina mama, vijana wa msikiti, wastaafu wa pale mtaani, yeyote mwenye utulivu. Masaa matatu matatu yanatosha kwa mtu mmoja, na usiku wekeni wawili wabadilishane kusinzia. Ila sura zisiwe nyingi, mgonjwa asiamke kila mara akakuta mgeni, bora wale wale wanne kuliko kumi na tano wa kupokezana.

Wekeni daftari moja dogo la mgonjwa huyo, linakaa kwa aliyeko zamu. Humo unaandika: kakojoa, kagoma uji, kaomba redio, kalia, nesi kampa dawa saa nne, kamtaja mtu anaitwa hivi. Msiandike kwenye grupu la wasapu, majina ya wagonjwa hayaendi kwenye simu za watu, na picha ndio kabisa. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria, mtu amelala hajiwezi wewe unampiga picha uweke status, hapana.

3. Mfuko wa zamu

Kitenge au shuka mbili za ziada, sabuni, taulo dogo, pampasi za wakubwa kama mna uwezo, gozi safi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), kijiko kidogo cha chai, mafuta ya kupaka, soksi za sufu, kofia. Soksi na kofia usizidharau hasa Juni mpaka Agosti, mtu anayeondoka damu inapungua miguuni na vidoleni, anapoa mapema. Ila chupa ya maji ya moto usimwekee, ngozi yake haina hisia nzuri, ataungua na hatasema. Ongeza blanketi bas. Mafuta ya mgando kwenye midomo ni mazuri sana, lakini kama ana mpira wa oksijeni puani usipake bila kumuuliza nesi, mafuta ya aina hiyo na oksijeni havikai pamoja kwa usalama.

Na wewe beba chakula chako na maji na kitu cha mikono. Mama mmoja kwenye kikundi chetu anafuma vitambaa vya meza akiwa zamu, wagonjwa wanapenda sana kuangalia sindano ikienda, inawapa kitu cha kutazama kisichowataka wajibu.

4. "Hana mtu" mara nyingi sio kweli kabisa

Hapa pana kazi kubwa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inapokea watu wa Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, wengine wanaletwa na gari la wagonjwa usiku, aliyesindikiza karudi kesho yake, nauli ya kurudi tena hana. Huyo ana ndugu, wapo Mpanda. Mwingine ni dereva wa lori la kwenda Tunduma, mwingine mchimbaji wa Chunya, mwingine kibarua wa chai Mufindi au wa mbao kule Mafinga, kaondoka kwao kijana mbichi. Na kuna aliyesusiwa. Alikunywa, aliuza shamba la watoto, alipiga watu, sasa wamekataa kuja. Wote hao watatu wanaandikwa hana ndugu, ila kila mmoja unamshughulikia tofauti.

Kutafuta ndugu ni kazi ya ustawi, wewe unaleta vipande. Ukikaa na mtu utasikia vitu ambavyo havikuandikwa kwenye faili: jina la kanisa, la shule, la mnada aliouzia ng'ombe, jina la utani la kaka yake. Jina la ukoo nalo linasaidia kidogo, Sanga unaanza kufikiria Makete kwa Wakinga, majina ya Mwa- unafikiria Rungwe na Kyela, lakini usimalizie hapo maana Wakinga wamejaa Mwanjelwa na wengine wamezaliwa hapa hapa hata Makete hawaijui. Ukishapata kijiji, mtendaji wa kijiji au mwenyekiti anapatikana kwa simu kupitia halmashauri, na taarifa ikifika kwa mwenyekiti kijijini kwetu haichukui siku mbili itafika kwenye nyumba husika.

Ila muulize mgonjwa kwanza. "Baba, ungependa tumtafute nani?" Ukimuuliza hivo unampa nafasi ya kukataa. Akisema usimpigie mke wangu, usimpigie, mwambie afisa ustawi na yeye ataamua kwa taratibu zake. Na kwa aliyesusiwa usiende kuhubiria watoto wake msamaha. Mpe afisa namba, wao wapewe taarifa kwamba baba yao yuko hoi na amelala wodi fulani, waje wasije ni shauri lao. Hujui walikula nini kwenye ile nyumba.

5. Siku ya kwanza kitandani

Salamu kwanza, hata kama amefumba macho. Mtu mzima shikamoo yake ipo pale pale. Ukijua kwao ni wapi msalimie kwa lugha ya kwao, mzee wa Kinyakyusa ukimwambia "mwagonile" au wa Kihehe ukimwambia "kamwene" utaona jicho linafunguka hata kama tangu jana hajaongea na daktari. Taja jina lako na umetoka wapi na kwanini uko pale: "Shikamoo baba, naitwa mama Neema, nakaa Soweto hapa Mbeya, sina shida yoyote, nimekuja kukaa na wewe mpaka saa kumi, ukitaka nitoke uniambie." Hiyo ya mwisho ni ya lazima. Mgonjwa hana mlango wa kufunga, mpe huo mlango. Na akikuambia toka, toka, kaa kwenye benchi koridoni, rudi baada ya nusu saa.

Usisimame juu yake. Kaa, uso wako uwe sawa na wake. Usiketi kitandani bila ruhusa. Halafu angalia: kalowa? Mto umekaa vibaya? Maji yako mbali? Fanya hivo vitu vidogo kwanza ukiwa unasema unachofanya, "nakuinua kichwa kidogo baba, sasa nakuweka hapa". Kumgeuza nesi atakufundisha siku hiyo hiyo, kawaida kila masaa mawili, ukiona sehemu ya kiunoni au kisiginoni imebadilika rangi mwambie nesi mapema kabla haijawa kidonda.

Maongezi yatakuja au hayatakuja. Wengine wanataka kimya. Maneno ya kuacha nyumbani: "utapona tu", "Mungu hakupi mzigo usiouweza", "jikaze". Akikuuliza "mimi nakufa?" usiruke. Usimjibu ndio wala hapana, sio kazi yako kutoa majibu ya daktari, muulize "wewe unaonaje baba?" halafu nyamaza, nyamaza kweli, hata dakika mbili. Mara nyingi atakwambia kinachomtesa, na mara nyingi ni kitu cha kawaida kabisa. Mzee mmoja wa Wanging'ombe tulidhani anaogopa kufa, kumbe kilichokuwa kinamkosesha usingizi ni deni la mfuko wa mbolea kwa mwenye duka. Tulimpigia yule mwenye duka simu ikawekwa sikioni kwake, jamaa akamwambia mzee nimeshafuta, lala. Akalala.

Huyo huyo siku za mwisho aliomba ulanzi, ile pombe ya mianzi. Ilikuwa msimu wa mvua, ulanzi upo, lakini kumeza alikuwa hawezi tena. Nesi akamuuliza daktari, daktari akasema kulowesha mdomo ruksa. Tukachovya gozi kwenye ulanzi, tukakamua, tukampitishia kwenye midomo na ulimi. Akanyonya lile gozi akalishika kwa meno asiliachie, akakunja uso, akasema "huu wa juzi". Yani umechacha. Wodi nzima ilicheka na yeye mwenyewe nadhani alicheka.

6. Vitu ambavyo sio vyako

Usisaini fomu yoyote kama ndugu. Usishike simu yake kutoa hela hata akikutajia namba ya siri, usipokee zawadi, usiwe shahidi wa nani achukue shamba. Akianza hayo mambo mwite afisa ustawi asikie mwenyewe. Usimpe dawa uliyokuja nayo, ya hospitali wala ya kienyeji wala maji ya maombi ya kunywa. Na usiahidi kitu, hasa "nitakuwepo". Sema "tutakuwepo", maana zamu inaweza kuwa ya mwenzio.

7. Maumivu

Hapa kuwa mkali kidogo kwa niaba yake. Wenye ndugu maumivu yao yanasemewa, huyu wako hana wa kumsemea na wazee wetu wengi wamelelewa kunyamaza. Angalia uso ukikunjamana akigeuzwa, mkono unashika sehemu moja, miguno, kukataa kuguswa. Mpe namba, kutoka 0 mpaka 10 yanauma kiasi gani, au atumie vidole vya mkono mmoja. Andika kwenye daftari na saa, halafu nenda kwa nesi na hiyo taarifa, "tangu saa tatu amekuwa hivi" inasikilizwa kuliko "sista huyu mgonjwa anateseka".

Wengine wanaogopa morfini, ile dawa kali ya maumivu, wakiisikia wanasema hiyo ni ya kumalizia mtu. Sio kweli. Ikitolewa kwa kipimo sahihi inaondoa maumivu na inarahisisha pumzi. Majirani zetu Uganda wamekuwa wakitumia morfini ya maji ya kunywa tangu 1993, Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa na daktari Anne Merriman. Ile ya maji inatolewa kila masaa manne kwa kufuata saa, haisubiri mpaka aanze kulia. Inafunga choo, kwahiyo kama hajapata choo siku kadhaa mwambie nesi.

8. Chakula

Itafika siku hataki kula. Sisi huku kukataa chakula tunaona kama kukata tamaa, tunalazimisha, "hata vijiko viwili tu bibi". Acha. Mwili unaofunga kazi hauhitaji tena chakula, na ukimlazimisha uji unaingia kwenye njia ya hewa, anapaliwa, unampa mateso mapya. Kinachobaki ni mdomo kukauka na hiyo unaiweza: gozi lenye maji safi, pangusa midomo, fizi, ulimi, taratibu, kila baada ya saa moja hivi au mara nyingi zaidi akipumulia mdomo. Kama anameza, kijiko cha chai cha maji akiwa ameinuliwa kichwa, subiri ameze ndio uongeze.

9. Dini

Ya kwake, sio yako. Muulize au angalia faili. Mkatoliki anaweza kutaka padre kwa ajili ya mpako wa wagonjwa na asisubirishwe mpaka hajitambui. Mmoraviani, Mlutheri, Msabato, mtafute mchungaji wa kanisa lake. Muislamu tafuta mtu wa msikiti wa karibu, mgonjwa akiweza alazwe ubavu wa kulia akielekea kibla, kwa huku kwetu Mbeya na Iringa ni kaskazini ikilalia mashariki kidogo, na shahada anatajiwa kwa sauti ya chini bila kumsukuma arudie rudie. Asiye na dini mwache hivo alivyo. Kuna watu wanaingia wodini kuvuna roho, wewe usiwe mmoja wao, na ukiwaona wamemzunguka mgonjwa wako aliyekwisha kataa, kamwambie inchaji.

10. Siku na masaa ya mwisho

Ukijua dalili hutakimbia. Analala sana. Mkojo unapungua na kuwa mweusi kama chai ya rangi. Miguu na magoti yanapoa, ngozi inakuwa na mabaka ya zambarau. Anaweza kuongea na watu waliokufa, mama yake, kaka yake, usibishane nae wala usikemee pepo, muulize tu "mama anasemaje?" Wengine wanahangaika, wanavuta shuka, wanataka kushuka kitandani, hapo mwite nesi, inaweza kuwa kibofu kimejaa au maumivu. Na wengine siku moja kabla wanaamka ghafla wachangamfu, wanaomba chai, wanaongea vizuri, nyie mnafurahi mnadhani kapona. Furahini lakini kama kuna ndugu alikuwa anajivuta, mpigieni aje leo.

Pumzi zinabadilika. Anavuta haraka haraka, kisha ndogo ndogo, kisha anakaa kimya hata nusu dakika ukadhani basi, halafu anavuta tena. Kooni kunaweza kutoa mkoromo wa mate ambayo hawezi kuyameza. Unatisha sana kuusikia, ila wauguzaji wa kazi hii wanaamini wewe unaeumizwa nao ni zaidi yake. Mlaze ubavu, inua kichwa kidogo, nesi anaweza kuongeza dawa.

Endelea kuongea nae. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima ubongo wa wagonjwa wa hospisi, yani wanaotunzwa mwishoni mwa maisha, waliokuwa hawaitikii tena, na kwa baadhi yao ubongo ulikuwa bado unajibu sauti. Kwahiyo usijadili mambo ya mochwari juu ya kichwa chake. Soma kitu, imba wimbo wa kwao kwa sauti ndogo, mwambie mvua imeanza, mwambie mahindi yamefika wapi Uyole. Mshike mkono kwa kuweka wako chini ya wake, akitaka kuuvuta aweze.

Na kuna wanaosubiri utoke chooni ndio waondoke. Inatokea sana hata kwa wenye ndugu ishirini. Usijilaumu.

11. Akishafariki

Huna haja ya kukimbia. Mwite nesi, daktari ndio atathibitisha. Kaa pale mpaka mwili uchukuliwe, ukiweza nenda mpaka mlango wa mochwari, na hakikisha jina kwenye lebo ndio jina lake kweli, maana wasio na ndugu ndio wanaoandikwa ovyo. Ustawi na halmashauri ndio wenye taratibu za mazishi ya asiye na ndugu, kuna muda wa kusubiri ndugu watafutwe. Waambie mapema kwamba mngependa kujulishwa siku ya kuzika. Muislamu mjulishe mtu wa msikiti saa hiyo hiyo, kuosha na kukafini wana watu wao. Kwetu huku msiba hauna watu wachache, ukisimama kaburini na wenzio wanne na mchungaji mmoja, wachimbaji kaburi nao watavua kofia wasogee.

Vitu vyake viorodheshwe mbele ya nesi: viatu, kitambulisho, shilingi ngapi, simu. Simu ikabidhiwe ofisi ya ustawi ikiwa na chaji na muombe isizimwe, maana ndugu wengi wanapiga wiki mbili tatu baadae, mtu yuko Sumbawanga kapata salio ndio anamuulizia kaka yake. Acheni na lile daftari hapo hapo ofisini, atakapokuja atakuwa na maswali ambayo faili halina majibu yake: alikuwa anakula? alinitaja? nani alikuwa nae?